Linta moja kwa ripo zote: tumeacha kunakili YAML, tumeifanya moduli ya paipulaini. Tujadili

Jabali la Igogo (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Wengi wetu tunaoandika mifumo hapa Mwanza tuna wateja wanaofanana: SACCOS, shule, wenye mabasi, viwanda vya minofu, wanunuzi wa mabondo. Ofisi ina watu wachache, miradi ni mingi kuliko watu, na kila mradi una ripo yake, yaani hifadhi ya msimbo wake. Hapo ndipo linapozaliwa jambo ninalotaka tulijadili, yaani faili la linta (zana inayosoma msimbo na kuonyesha makosa) linaloruka kutoka ripo hadi ripo kwa kunakiliwa.

Mnajua linavyoanza. Mtu anaandika `lint.yml` safi kwenye mradi wa kwanza, faili la YAML linaloiambia paipulaini (mtambo unaokagua msimbo kila ukipushi) namna ya kuendesha linta. Wa pili ananakili. Wa tatu ananakili kutoka kwa wa pili na kuongeza mstari wake. Ukija kukagua, hakuna mafaili mawili yanayolingana na hakuna anayejua lipi ndilo lenyewe. Halafu Aprili 2024 ESLint 9, linta ya JavaScript, ikatoka, na `eslint.config.js` ikawa ndiyo inayosomwa, `.eslintrc` ya zamani haiguswi mpaka uilazimishe. Ripo zilizofunga toleo kwenye `package.json` hazikutikisika. Zile ambazo paipulaini yake iliandikwa `npx eslint` bila toleo kufungwa popote zikachukua toleo jipya zenyewe na kuanza kuwaka nyekundu, na hakuna aliyekuwa amegusa msimbo.

Sisi tumelitoa faili hilo kwenye ripo zote. Ipo ripo moja inaitwa `moduli-linta`, na ripo za wateja zimebaki na hivi tu:

```
jobs:
  linta:
    uses: kampuni/moduli-linta/.github/workflows/linta.yml@v1
    with:
      lugha: php
      folda: src
```

Upande wa moduli, faili linaanza na `on: workflow_call`, ambayo ndiyo inayoruhusu faili moja la GitHub kuitwa na jingine. Ndani yake ni kuchukua msimbo, kuweka zana kwa toleo lililofungwa, kuiendesha na kutoa ripoti.

Sasa msimamo wangu, na hapa ndipo nataka mnibishie: moduli ibebe namna ya kuendesha, isibebe sheria. Zana ipi, toleo lipi, ripoti iende wapi, paipulaini ifeli lini, hayo ni ya moduli. Nafasi mbili au nne, mstari uwe na herufi ngapi, `any` iruhusiwe au isiruhusiwe, hayo yakae kwenye ripo ya mradi, yaonekane na yabadilishwe kwa PR (ombi la kuingiza mabadiliko) kama msimbo mwingine. Ukiziweka sheria ndani ya moduli, siku ukiongeza moja umewazuia watu wa miradi yote, akiwemo yule anayehangaika saa nne usiku kurekebisha dharura ya mteja.

Karibuni.

---

Sato wa Kukaanga

Nimeweka kambi hapa. Angalau leo siyo "wakuu, lugha gani inalipa".

---

Kijana wa Igoma

Samahani wakuu kwa swali la chini, niko chuo mwaka wa pili. Linta na majaribio yana tofauti gani? Mimi naona yote yanaleta nyekundu tu.

---

Mama Mizani

Mdogo wangu, uliza tu, ndiyo kazi ya uzi.

Jaribio linaiendesha programu yako na kuangalia kama jibu ni sahihi. Linta haiendeshi chochote. Inasoma maandishi ya programu na kukuonyesha palipo na mashaka. Zana ya kwanza yenye jina hilo aliiandika Stephen C. Johnson pale Bell Labs mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya C. Baadaye kila lugha ikapata yake: Pylint na Flake8 kwa Python, PHP_CodeSniffer kwa PHP, ESLint ya Nicholas Zakas mwaka 2013 kwa JavaScript. Siku hizi kuna Ruff kwa Python, imeandikwa kwa Rust, inamaliza haraka mpaka unadhani haijafanya kitu.

Chukua mfumo wa mizani. Umeandika `if (kilo = 0)`. Ulitaka kuuliza kama kilo ni sifuri, kumbe umeifanya iwe sifuri. Sangara mzima kawa hewa, na kama majaribio yako hayapiti njia hiyo hakuna kitakachosema neno. ESLint inayo `no-cond-assign`, inaiona hapo hapo.

Ila inayonitisha mimi ni ya bash, lugha ya amri za seva. Skripti ya kufuta nakala za zamani: mstari wa kwanza `cd $folda`, wa pili `rm -rf *`. Folda lisipokuwepo `cd` inashindwa, skripti inaendelea kama kawaida, na `rm` inafagia pale ulipokuwa umesimama. Na `$folda` ikiwa tupu ndiyo balaa zaidi, maana `cd` bila kitu inakurudisha nyumbani kwako, ifagie huko. ShellCheck, linta ya bash, inalipigia kelele hili kwa namba SC2164, inakwambia weka `|| exit`. Kila seva niliyoikuta hapa mjini ina skripti ya namna hii mahali fulani. Mleta uzi, moduli yako inagusa bash au ni PHP na JavaScript tu?

---

Kijana wa Igoma

Aisee. Shikamoo dada.

---

Jabali la Igogo

Mama Mizani, bash imo, ShellCheck inapita kwenye kila ripo bila kuombwa, lugha yoyote. Ni sehemu pekee ambayo sikumpa mtu hiari. Na Dockerfile, faili la kujengea kontena, inapita kwa linta yake, hadolint.

---

Mzee wa Jenkins

Mleta uzi, umeongea vizuri ila usituletee kama jambo jipya. Sisi wa Jenkins, mtambo mwingine wa paipulaini, tuna Shared Library tangu zamani. Folda la `vars/`, Groovy kidogo, ripo inaita `linta()` na kazi inaendelea. Nimeishi nayo vya kutosha kuujua mwisho wake.

Mwanzo moduli ina kigezo kimoja. Mradi wa Python unataka folda jingine, kigezo kinaongezeka. Mwingine anataka `vendor` irukwe, kigezo. Mwingine anataka maonyo yasihesabiwe, kigezo. Mwisho wa siku moduli ina vigezo vingi kuliko zana yenyewe, na mgeni wa ofisi inabidi ajifunze moduli kwanza ndipo ajifunze zana. Si bora angeiita zana moja kwa moja?

La pili ni hiyo `@v1`. Ukiisogeza tagi hiyo, yaani kibandiko cha toleo, ripo zote zinahama bila kuulizwa. Ni uchafu uleule wa `npx eslint`, tofauti ni kwamba sasa anayeumwaga ni wewe.

---

Jabali la Igogo

Shikamoo mzee. La vigezo nakubaliana nawe kabisa, na ndilo hasa lililonifanya niziache sheria nje. Moduli yetu inapokea lugha na folda, basi. Anayetaka `vendor` irukwe anaandika kwenye `phpcs.xml` ya mradi wake. Anayetaka onyo liwe kosa, vivyo hivyo. Zana hizi tayari zina mafaili ya mipangilio yaliyofikiriwa na watu kwa miaka. Mimi nikianza kuyarudia kwa vigezo vya YAML nitakuwa natengeneza zana mbaya juu ya zana nzuri. Kila mtu akija na ombi la kigezo jibu langu la kwanza ni "faili la mipangilio haliwezi?". Karibu mara zote linaweza.

La tagi: `v1` inasogea pale tu matokeo hayabadiliki. Labda tumeongeza kashe, labda ripoti imepangwa vizuri. Toleo la zana likipanda, hata dogo, hiyo ni tagi mpya. Toleo dogo la linta likiongeza ukaguzi mmoja, kwa mwenye ripo hilo siyo dogo.

---

Mzee wa Jenkins

Marahaba. Hapo kwenye toleo dogo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Endelea.

---

Binti Nyegezi

Nami nina moduli kama hiyo kazini, ngoja niweke mitego ambayo nyaraka zinaipita haraka. Mwenye kuanza ainakili pembeni.

Faili linaloitwa kwa `workflow_call` likifanya `actions/checkout`, linachukua msimbo wa ripo ILIYOITA, siyo wa ripo ya moduli. Ndivyo inavyotakiwa, unataka kukagua msimbo wa mradi. Lakini maana yake faili lolote la msaada uliloweka kwenye ripo ya moduli, skripti au mipangilio ya akiba, halipo hapo. Watu wanakesha na "faili halijapatikana" wakati wanaliona kwa macho kwenye ripo. Ukilihitaji, lifanye kuwa kitendo (action) cha `composite`, yaani hatua zilizofungwa pamoja, ambacho kinakuja na folda lake na unalifikia kwa `github.action_path`.

Na hapo kuna mtego ndani ya mtego. Ukikiita kitendo hicho kutoka kwenye faili lako kwa njia ya `./`, GitHub inakitafuta kwenye ripo ya aliyeita. Lazima uandike njia nzima, jina la shirika, ripo, na tagi. Kwa hiyo `linta.yml` ya `v2` ndani yake inabeba `@v2` iliyoandikwa kwa mkono. Ukisahau kuibadilisha, una v2 inayoendesha v1 na unajiuliza mbona hakuna kilichobadilika.

Vigeu vya `env` ulivyoweka kwenye faili linaloita havivuki kwenda upande wa pili. Pitisha kwa `with`.

Jina la ukaguzi kwenye PR linakuwa jina la kazi yako, mkwaju, jina la kazi ya ndani ya moduli: `linta / kagua`. Ukiwa umelifanya la lazima kwenye ulinzi wa tawi kuu, siku ukibadilisha jina la ndani ya moduli PR zote zinakaa zinasubiri ukaguzi ambao hautakuja kamwe. Chagua jina siku ya kwanza, usiliguse tena.

Na usiweke kichujio cha `paths` kwenye faili zima kama ukaguzi ni wa lazima. Mtu akirekebisha README pekee, faili haliendeshwi, na PR inabaki "inasubiri". Chujia ndani kwa `if` kwenye kazi. Kazi iliyorukwa kwa `if` inahesabika imepita.

Kuhusu sheria, nakubishia kidogo mleta uzi. Ripo kumi zenye sheria kumi tofauti ni vurugu ileile uliyoikimbia. Sisi sheria za pamoja tumeziweka kwenye kifurushi cha npm cha ndani, kila mradi unakifunga kwa toleo kwenye `package.json` na kuongeza yake juu.

---

Jabali la Igogo

Dada, kifurushi nakikubali, na wala hakigongani na nilichosema. Mradi ndio unaoamua lini upande toleo la kifurushi. Ninachokataa ni sheria kuingia kwa mlango wa moduli, mwenye mradi akiwa amelala.

---

Chui wa Saanane

Mnaongelea tagi kirahisi sana. Machi 2025 kulikuwa na `tj-actions/changed-files`, kitendo kilichotumiwa na ripo zaidi ya 23,000. Mshambuliaji alipata njia ya kuingia, akazisogeza tagi za matoleo, zikaelekea kwenye komiti yake (badiliko la msimbo lililohifadhiwa), na komiti hiyo ikawa inamwaga siri za paipulaini kwenye logi. Waliokuwa wameandika `@v35` hawakubadilisha herufi hata moja upande wao, na bado yaliwakuta. Waliofunga kwa SHA kamili ya komiti ya zamani, alama yake ya kipekee isiyosogezeka, ndio waliopona.

Moduli ya linta inavutia shambulio la namna hii kwa sababu inakaa kwenye ripo zote. Vitendo vya nje vilivyo ndani ya moduli vifungwe kwa SHA. Ipeni moduli ruhusa ya kusoma tu, `permissions: contents: read`, moduli haiwezi kujiongezea ruhusa zaidi ya alizonazo aliyeita, ila aliyeita naye mara nyingi kajiachia. Na msiandike `secrets: inherit` kwa mazoea. Linta haihitaji nywila ya hifadhidata ya mteja.

---

Sato wa Kukaanga

Mkuu Chui, kwa moduli ya ndani ya ofisi nayo tufunge kwa SHA? Maana hapo tena inabidi niguse kila ripo kila tukibadilisha kitu, na lengo lilikuwa kuacha hiyo kazi.

---

Chui wa Saanane

Ya ndani weka tagi, lakini ilinde tagi yenyewe. Kuna mipangilio ya kuzuia tagi kusogezwa na kila mtu. Kwa ofisi ya watu watano wawe wawili. Ya nje ni SHA, hapo sibembelezi mtu.

---

Mama Mizani

Mimi nataka kuongelea kitu kinachoniudhi kuliko vyote: `|| true`.

Unafungua paipulaini ya mtu, linta ipo, kijani kila siku, bosi anafurahi. Unashuka mstari kwa mstari, mwishoni unakuta `eslint . || true`. Maana yake hata dunia ikiwaka moto jibu ni kijani. Mwandishi alikuwa na sababu, makosa ya zamani yalikuwa mengi na mteja anasubiri. Lakini amezima vitu viwili kwa pamoja na hajui.

Linta inaposhindwa inashindwa kwa namna mbili. Msimbo ni mchafu, au linta yenyewe imeanguka. ESLint inavitofautisha: 0 hakuna makosa, 1 kuna makosa ya msimbo, 2 mipangilio ni mibovu au zana imekufa. Ruff nayo ni hivyo hivyo, 0, 1, 2. Pylint inajumlisha: 1 ni kosa lililoizuia kuendelea, 2 kosa, 4 onyo, 8 ushauri wa kupanga upya, 16 desturi, 32 umeiita vibaya. Ukiona 20, hiyo ni 4 na 16, onyo na desturi. Moduli nzuri inazisoma namba hizi. Unataka kuvumilia msimbo mchafu kwa muda? Sawa, vumilia 1. Lakini 2 ifeli siku zote. La sivyo siku mtu akiharibu faili la mipangilio, hakuna kinachokaguliwa, na kijani kinaendelea kuwaka.

Kuna na ujanja mwingine wa kijani cha uongo. Kigezo cha `folda`. Mtu kaandika folda lililopo lakini halina faili hata moja la Python. Ruff inatoa onyo kwamba haijaona faili, kisha inatoka na 0. Imepita! ESLint angalau inakataa ikikosa mafaili. Kwa hiyo moduli ihesabu kwanza kama kuna cha kukagua, ikikuta hakuna ifeli na iseme wazi.

Kwa upande wangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na moduli. Kuokoa mistari ya YAML sawa, lakini nani atakumbuka kuandika ukaguzi huu kwa mkono kwenye ripo ya kumi na moja?

---

Mzee wa Jenkins

Mama Mizani kamaliza. Naongeza tu kwamba maonyo kwenye ESLint hayafelishi kitu, unatoka na 0 hata yakiwa elfu. `--max-warnings 0` ndiyo dawa. Onyo ambalo halimzuii mtu, baada ya wiki hakuna anayelisoma.

---

Kivuko cha Kamanga

Jamani mbona mnaongea kama wote tuna msimbo mpya. Mimi nimerithi mfumo wa PHP wa SACCOS, umeandikwa na watu waliokwisha kuondoka, mafaili yenye mistari elfu tatu kila moja. Nikiwasha linta hapo logi haifiki mwisho. Moduli itanisaidia nini zaidi ya kuniaibisha mbele ya mteja?

---

Jabali la Igogo

Mkuu, hapa ndipo kazi ilipo, ngoja nitulie nikuandikie vizuri.

Kwanza usirekebishe ya zamani. Najua mkono unawasha. Mfumo unaotoa mikopo kila siku, usiuguse mistari elfu kwa ajili ya kupendeza linta. Chora mstari: yaliyopo yamesajiliwa, mapya ndiyo yanayohukumiwa. PHPStan inayo `--generate-baseline`. Inaandika faili lenye makosa yote yaliyopo leo, kisha kuanzia hapo inalalamikia yale tu ambayo hayamo. ESLint ilipata kitu kama hicho kwenye 9.24, `--suppress-all`. Kwa Go, golangci-lint ina `new-from-rev`, inahukumu mistari iliyobadilika baada ya komiti fulani. Faili hilo la madeni likae kwenye ripo ya mradi, siyo kwenye moduli. Deni la SACCOS hii ni la SACCOS hii.

PHPStan pia ina ngazi, kuanzia 0 kupanda. Anza 0. Hapo inakamata vitu vya msingi kama kuita kazi ya programu (function) isiyokuwepo, na kwenye mfumo wa kurithi hivyo vipo, niamini. Usipande mpaka faili la madeni la ngazi hiyo limepungua. Nimeona watu wakianza na ngazi ya juu kabisa kwa fahari, wakazalisha faili la madeni kubwa kuliko programu, na hakuna aliyelifungua tena.

Kitu cha pili ni mpangilio wa maandishi, nafasi na mabano. Huo unaweza kuurekebisha wote mara moja kwa mashine, kwa sababu haubadilishi maana. Lakini ufanye kwa komiti moja peke yake isiyo na kitu kingine, kisha SHA yake uiweke kwenye `.git-blame-ignore-revs`. GitHub inalisoma faili hilo yenyewe. Kwenye kompyuta yako unaiambia git kwa `blame.ignoreRevsFile`. Bila hivyo, kila mstari wa mfumo utaonekana umeandikwa na wewe, na siku riba ikikosewa mteja atakuja na jina lako.

Na usivichanganye kwenye PR moja. Nikiona PR yenye marekebisho ya riba ndani ya mabadiliko ya nafasi mistari elfu mbili, naifunga bila kusoma.

---

Kivuko cha Kamanga

Hiyo ya `blame` sikuwahi kuisikia. Asante sana mkuu. Niko Sengerema, nikija mjini nitakutafuta, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko.

---

Sato wa Kukaanga

Jina lako sasa inabidi ubadilishe.

---

Kijana wa Igoma

Na gharama je? Mimi miradi yangu ni ya siri na akaunti ni ya bure.

---

Binti Nyegezi

Akaunti ya bure ya GitHub inakupa dakika 2,000 kwa mwezi kwenye ripo za siri, na kila kazi inazungushwa juu hadi dakika kamili. Linta ya sekunde kumi na mbili inakatwa dakika nzima. Kwa hiyo usigawanye ESLint, ShellCheck na hadolint kuwa kazi tatu kwa ajili ya urembo. Ziweke hatua tatu ndani ya kazi moja. Weka pia `concurrency` na `cancel-in-progress`, ukipushi mara tatu mfululizo zile mbili za mwanzo zinakufa.

Wenye mashine yao ya paipulaini (CI) ofisini waangalie Docker Hub, hifadhi ya imeji za kontena. Asiyeingia kwa akaunti anapewa upakuaji 100 kwa saa 6 kwa anwani moja ya IP, akaunti ya bure ni 200. Ofisi nzima mko nyuma ya IP moja, na moduli inayovuta imeji kila ikiendeshwa inazimaliza upesi. Hifadhi imeji kwenye mashine yenyewe. Mtaokoa na bando.

Lakini dakika rahisi kuliko zote ni ile usiyoitumia. Linta ikimbie kwenye kompyuta yako kabla ya kupushi.

---

Mvuvi wa Hitilafu

Nimesubiri mtu aseme hilo. Tatizo la `workflow_call`, na hata la `include` za GitLab na vipengele vyake vya `spec: inputs`, ni kwamba haviendeshwi kwenye kompyuta yako. Unabadilisha, unapushi, unasubiri, unarudi. Umeme ukikatika katikati unasahau ulikuwa unajaribu nini.

Mimi nimehamia Dagger. Mmoja wa waanzilishi wake ni Solomon Hykes, yuleyule wa Docker. Moduli unaiandika kwa lugha ya kawaida, Go au Python au TypeScript, inakuwa kazi (function) inayopokea folda na kurudisha ripoti, na yote yanafanyika ndani ya kontena. `dagger call` ninayopiga hapa Nyakato ndiyo hiyo hiyo inayopigwa kwenye GitHub, na kesho nikihamia GitLab YAML ni mistari mitano tu.

---

Jabali la Igogo

Mkuu nimeijaribu, ni nzuri, na hoja ya kuendesha popote ni ya kweli. Kwangu haikukaa kwa sababu mashine za vijana wangu ni za RAM ya kubana, kontena ya injini ikiwaka na kivinjari kikiwaka, hakuna nafasi ya kitu kingine. Kwa linta tupu naona ni mzigo. Ningekuwa na ujenzi, majaribio na upelekaji vyote ndani, ningefikiri upya.

Nilichofanya mimi ni kuweka amri yenyewe kwenye `Makefile` ya kila mradi, `make linta`. Moduli inaita `make linta`, kijana anaita `make linta`. Moduli imebaki na toleo la zana, kusoma namba ya kutoka, na ripoti.

---

Mvuvi wa Hitilafu

Toleo la zana liko kwenye moduli na amri iko kwenye ripo? Kijana ana Ruff ya mwaka jana kwenye mashine yake, kwake kijani, kwako nyekundu.

---

Jabali la Igogo

Kwa PHP na JavaScript toleo linatoka kwenye `composer.lock` na `package-lock.json`, kwa hiyo ni lilelile pande zote, moduli inasakinisha kutoka humo. Python tumelifunga kwenye faili la mahitaji. ShellCheck na hadolint ndizo zenye pengo hilo unalolisema, toleo lake liko kwenye moduli tu. Sijaliziba. Bado haijamuumiza mtu lakini hoja yako imesimama.

---

Kijana wa Igoma

Wakuu nimejaribu hapa. Nimetengeneza shirika, ripo ya moduli ya siri, ripo ya pili inaiita. Inagoma, inasema faili la moduli halijapatikana. Njia nimeiangalia vizuri kabisa, jina la tagi lipo.

---

Binti Nyegezi

Nenda kwenye ripo ya MODULI, siyo hiyo inayoita. Settings, Actions, General, shuka chini mpaka sehemu ya Access. Kwa ripo ya siri inakuja imefungwa. Chagua ruhusu ripo nyingine za shirika.

---

Kijana wa Igoma

Imekubali. Imeniletea SC2164.

---

Mama Mizani

Nilijua.